Dada, naambiwa tovuti ni milioni moja na nusu. Nitoe?

Haya wadogo zangu, sogeeni. Nimepata ujumbe kutoka kwa mdogo wetu wa Makorora, hapa hapa Tanga mjini. Anauza viungo: iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga anazochukua kwa wakulima wa Amani, kule milimani Muheza. Anachambua, anaanika, anafungasha mwenyewe, anauza kwa WhatsApp na Instagram. Juzi kamjia kijana mmoja, kompyuta begani, maneno matamu, kamwambia bila tovuti biashara yake haitakwenda kimataifa. Bei milioni moja na nusu, nusu itangulie. Bibie kashaanza kukitazama kibubu. "Dada, nitoe?"

Usitoe. Angalau usitoe leo, na usitoe kwa sababu hiyo aliyokupa, maana hilo neno "kimataifa" ni la kuuzia tu. Tovuti haimpeleki mtu popote. Inakaa pale ilipo inamsubiri anayekutafuta. Basi kabla hatujagusa bei, niambie: nani anakutafuta, na anakutafutia wapi?

Kama wateja wako wote ni wa Makorora, Mabawa na Chumbageni, wanakujua kwa sura na wanapita mlangoni kwako kila siku, tovuti ya nini? Dada wa saluni, mama wa mkate wa kumimina, fundi cherehani wa Ngamiani, nyie mnachohitaji ni kuonekana kwenye ramani ya Google, na hiyo ni bure. Unafungua wasifu wa biashara kwa akaunti yako ya Google, unaweka jina, kazi unayofanya, saa za kufungua, namba ya simu na picha, kisha unaipachika ile alama mahali penyewe. Google watataka kuhakikisha kwamba upo kweli, na siku hizi mara nyingi wanakuomba upige video fupi ya nje ya duka, kibao chako na ndani. Ukishathibitishwa, mgeni aliyeshuka stendi ya Kange akitafuta pa kusuka nywele anakuona, na hujamlipa mtu hata shilingi. Mji wetu huu wenyewe unajua kupoteza watu. Ngamiani barabara zina namba, na mgeni akiambiwa "barabara ya kumi na mbili, ukifika ulizia" anaishia kuulizia hadi jua linazama. Hilo lifanyeni jioni hii, msisubiri fundi.

Wapo lakini ambao tovuti ni haki yao. Mwenye vyumba vya wageni Ushongo au Pangani mjini, mteja wake yuko Ulaya, anapanga safari miezi kadhaa kabla na hajui hata Pangani iko upande gani wa Tanzania. Anayepeleka wageni Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni au kisiwa cha Maziwe, vivyo hivyo. Anayetaka kuuza chakula, usafiri au sare kwa makampuni, hasa sasa ambapo bomba la mafuta la kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, ataombwa wasifu wa kampuni, na afisa manunuzi atalitafuta jina lake mtandaoni kabla hajampigia simu. Na wewe wa viungo umo kwenye kundi hili, maana umeniambia unatuma Dar na Arusha, na una ndugu Maskati wanaokuulizia karafuu. Ila wewe umo kwa ukurasa mmoja. Huhitaji jengo la ghorofa kwa mizigo ya iliki.

Najua utasema Instagram mbona inatosha. Ya kuuzia inatosha. Tatizo ni kwamba si mali yako. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja dunia nzima kwa takriban saa sita, na aliyekuwa na oda zake zote humo alikaa akiitazama simu. Hizo zilirudi. Akaunti ikidukuliwa, wengine haiwarudii kabisa, na wafuasi wa miaka minne wanakwenda na maji.

Vya bure navyo viangalieni vizuri. Kulikuwa na kampuni ya Freenom iliyogawa majina ya tovuti bila malipo, yale yaliyoishia .tk, .ml na kadhalika. Mwanzoni mwa 2023, ikiwa na kesi na Meta, ikasimamisha usajili, na 2024 ikatangaza inaachana na kazi hiyo. Google nao walikuwa na vijitovuti vya bure vilivyoambatana na ule wasifu wa biashara. Machi 2024 wakavizima vyote. Wasifu wenyewe umebaki, kwa hiyo niliyosema juu bado yanafaa, lakini aliyekuwa amechapisha anwani ya kijitovuti kile kwenye mifuko na kadi zake alibaki na mifuko inayoelekeza watu pasipo kitu.

Ndiyo maana nikikwambia ununue kitu kimoja tu mwaka huu, nunua jina. Wenyewe wanaita domeni: lile jina lako linaloishia .co.tz au .com. Lichukulie kama hati ya kiwanja. Nyumba unaweza kuibomoa ukajenga nyingine, fundi unaweza kumbadilisha, lakini kiwanja kikiwa kwa jina la mtu mwingine, umejenga kwake. Jina likiwa lako, leo unalielekeza kwenye ukurasa wa bure, kesho kwenye tovuti kubwa, na mteja hajui kilichobadilika, yeye anaandika jina lile lile.

Majina ya .tz yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ila huendi kununua TCRA. Unanunua kwa wasajili walioidhinishwa, mtandaoni, hata kwa simu yako. Biashara huchukua .co.tz, taasisi na vikundi .or.tz, na wenye hoteli wana yao ya .hotel.tz ambayo wengi hata hawaijui. Gharama ya .co.tz ni ya makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwaka, haifiki malaki. Ya .com ni dola kumi na kitu. Kabla hujachagua, angalia BRELA, wanaosajili majina ya biashara, kama jina hilo la biashara halijachukuliwa na mtu, usije ukachapisha vifungashio elfu moja halafu ukapokea barua.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo watu wanapolizwa. Fundi anakuja, anasema "nitakushughulikia kila kitu", na kweli anashughulikia: anasajili jina kwa jina lake, kwa barua pepe yake, kwa akaunti yake. Hana nia mbaya, mara nyingi ni uvivu tu wa kukuuliza. Mwaka wa kwanza mambo safi. Mwaka wa pili kapata kazi Dodoma, kabadilisha laini, na ule ujumbe wa kukumbusha kulipia unaingia kwenye barua pepe asiyoifungua tena. Siku moja mteja anakwambia tovuti yako haifunguki. Unapiga simu, namba haipatikani. Nimewaona waliopatwa na haya zaidi ya mmoja, na hakuna aliyeibiwa kwa maana ya polisi. Walikuwa hawajawahi kumiliki.

Turudi kwenye hiyo milioni na nusu, tuivunjevunje tuone ndani mna nini. Mna jina, nimekutajia gharama yake. Mna mahali pa kuhifadhia tovuti, kule kwenye kompyuta zinazowaka usiku na mchana. Hapo nako hulipwa kwa mwaka, na kwa ukurasa wa viungo kifurushi cha chini kabisa kinakutosha na kubaki. Mna ile alama ya usalama, tovuti inayoanza na https. Wengine huiandika kwenye ankara kwa bei ya kutisha, kumbe Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bure, na kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti huviweka zenyewe. Mna programu ya kutengenezea: kama ni WordPress, ni ya bure tangu 2003, na mionekano mingi ya kuivalisha ni ya bure pia. Unaona? Kinachobaki ni kazi ya mikono na akili ya fundi.

Na kazi ilipwe, sitaki kusikia mtu ananyonya kijana wa watu. Lakini ilipwe ikijulikana ni kazi gani. Fundi aliyepewa maneno yote, bei zote na picha zote tayari, ukurasa mmoja au kurasa tatu si kazi ya mwezi. Kinachorefusha na kupandisha bei ni sisi: tunamwambia "wewe weka tu vizuri", yeye anakwenda kuokota picha za viungo vya India na maneno ya "tumejizatiti kutoa huduma bora", mnabishana wiki tatu. Waulize watu watatu, kila mmoja akutenganishie: jina kiasi gani, hifadhi kiasi gani, kazi kiasi gani, na mwaka wa pili nitalipa nini. Lisahaulike lolote, lakini si hilo la mwaka wa pili. Yule wa "elfu hamsini kila kitu" naye mwogopeni, kwa sababu kwa bei hiyo ni rahisi jina lisiwe lako.

Hata bila fundi njia ipo. Google Sites ni bure, unaitumia kwa kompyuta, hata ya kuazima, unapanga maneno na picha, kisha unaiunganisha na jina lako ulilolinunua. Haina madoido. Kwa mwanzo wa biashara ya viungo, gharama yako ya mwaka mzima inakuwa lile jina tu.

Kazi ngumu, ambayo hakuna fundi atakufanyia, ni kuandika. Mteja akifungua ukurasa wako ana maswali yake kichwani, na wala hayahusu dira na dhamira yako. Nimemwandikia mdogo wetu mfano, nauweka hapa na nyie mchukue:

"Tunauza iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga kutoka Amani, Muheza. Iliki nzima gramu 100, mdalasini wa vijiti gramu 100, unga wa pilau gramu 250. Bei ziko chini ya kila picha. Ukilipa kabla ya saa nane mchana, mzigo unaondoka Kange kwa basi siku hiyo hiyo. Dar unaupokea stendi ya Magufuli, Mbezi. Nauli ya mzigo ni ya mteja. Unga uliochacha au mfuko uliopasuka tunarudishia. Tupigie au tuandikie WhatsApp kwa namba hii."

Basi. Soma uone: anajua unauza nini, kinatoka wapi, anapataje, nani analipa nauli, na kikiharibika itakuwaje. Mambo haya haya ndiyo unayoulizwa kwa WhatsApp kutwa, mara thelathini, hadi kidole kinauma. Na bei andikeni, jamani. Huu ugonjwa wa "bei njoo inboksi" sijui nani alituletea. Anayetaka kununua anadhani unampima kwa picha yake ya wasifu umpangie bei, na pengine hakosei.

Jambo dogo linalovunja mauzo makubwa: jina la lipa namba. Mteja wa Mwanza hakujui. Kaingia kwenye tovuti imeandikwa jina zuri la biashara, kaamua, kaingiza lipa namba, na kabla ya kuweka namba ya siri simu inamletea jina la malipo. Linatokea jina la mwanamume asiyemjua, kumbe ni la shemeji yako uliyemwazima namba. Ataghairi. Angekuwa mwehu asighairi, kwa utapeli uliopo. Sajili lipa namba kwa jina la biashara lile lile lililo kwenye tovuti na kwenye mfuko.

Picha pigeni wenyewe, asubuhi au jioni, karibu na dirisha, iliki ikiwa kwenye ungo wenu na si kwenye sahani ya kuokota mtandaoni. Lakini zipunguzwe uzito kabla ya kupandishwa. Picha ikitoka kwenye simu inaweza kuwa na MB tatu hadi tano, na kwenye tovuti haina sababu ya kuzidi KB mia mbili. Mwekeni mteja wenu akilini: yuko ndani ya basi anapita Segera, mtandao unakuja na kuondoka, bando amejiunga la mia tano. Ukurasa ukianza na video ya mawimbi na muziki, amekwisha kuufunga kabla hajaona iliki. Ukimaliza kutengenezewa, usiutazame kwenye kompyuta ya fundi ofisini kwake penye intaneti ya kasi. Ufungue kwa simu ya mdogo wako wa mwisho, ile yenye kioo kilichopasuka, mkiwa nje.

Lugha? Viungo vya Dar na Arusha, Kiswahili. Vyumba vya Ushongo, Kiingereza mbele, na Kiswahili kisiachwe, kwa kuwa Watanzania nao siku hizi wanakwenda kupumzika wakilipa pesa yao. Kiingereza chenyewe kiwe chepesi na kisomwe na mtu anayekijua kabla hakijapandishwa.

Kwa kuwa nimetaja Ushongo, dada wa vyumba vinne aliyeniandikia mwezi uliopita nimjibu hapa. Booking.com hukata kamisheni, mara nyingi asilimia 15 hivi. Chumba cha laki moja, elfu kumi na tano kila usiku si zako. Usijitoe, maana wageni wengi watakuonea huko kwanza. Ila mgeni akishaliona jina lako huko, wengi wao hulitafuta tena Google kabla ya kulipa, na hapo ndipo tovuti yako inapojilipia: picha za kweli, bei, namna ya kufika kwa kuvuka mto Pangani, na kitufe cha kukuandikia moja kwa moja. Usinunue mfumo wa kuhifadhi vyumba kwa vyumba vinne. Daftari na WhatsApp vinatosha. Ukiweka fomu ya wageni kujaza majina na namba za pasipoti, jua kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Usichukue usichokihitaji, na usiziache taarifa hizo zinaelea kwenye simu ya kila mfanyakazi. Mimi nisingeomba pasipoti kwenye fomu hata kidogo, ataionyesha akifika.

Na hilo la kimataifa, mdogo wangu wa Makorora, tulimalizie. Majirani wa wakulima wako, wale wafugaji wa vipepeo wa Amani, walikuwa wanauza mabuu waliokwisha kujifungia ndani ya ganda kwa nyumba za maonyesho ya vipepeo za Ulaya na Marekani, wateja ambao hawajawahi kukanyaga Muheza. Mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na soko likafungwa siku hiyo, tovuti iwepo isiwepo. Ya nje yanafunguliwa na makaratasi. Kutuma viungo nje kibiashara kunadai cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na hata hapa nchini supamaketi itakuuliza kwanza alama ya TBS, shirika la viwango. Wajasiriamali wadogo hupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, ofisi wanazo hapa Tanga, wakapewa barua ya utambulisho kwenda TBS. Kama kibubu lazima kivunjwe, nusu ya kwanza ielekee huko.

Kijana naye usimkatie simu. Pengine ni fundi mzuri aliyefundishwa vibaya kuuza. Mtumie ujumbe huu kama ulivyo: "Kaka, asante. Nataka ukurasa mmoja wa Kiswahili. Maneno na picha ninavyo. Jina la .co.tz nitalisajili mwenyewe kwa barua pepe yangu na utanielekeza. Nitumie bei ya kazi yako peke yake, na bei ya hifadhi kwa mwaka wa kwanza na wa pili. Nitalipa theluthi ukianza na inayobaki ukinikabidhi neno la siri la hifadhi na la tovuti, nikaingia mwenyewe nikalibadilisha mbele yako." Akikubali, fanyeni kazi. Akianza kukueleza kwamba maneno ya siri ni mambo ya kitaalamu usiyoyaweza, mwambie dada yako amekukataza.